Nani Alizima Kituo cha Kilimani?

Mihogo ilikuwa imeanikwa kwenye sahani ya alumini ambayo upana wake unazidi kimo changu, imelazwa juu ya matofali nyuma ya nyumba moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nilikuwa nimekwenda kulipa deni la unga. Mama mwenye nyumba alikuwa akigeuza vipande kwa kiganja, vya pembeni akivisukuma katikati, vya katikati akivirudisha pembeni. Katikati kabisa palikuwa na tundu la ukubwa wa kikombe. Alikuwa ameliziba kwa kipande cha chandarua, maji ya mvua yapite, mihogo isipite.

Kwa chini sahani ile ina mbavu. Ukingoni kuna matundu ya bolti yaliyopangwa kwa kipimo, na rangi nyeupe iliyobaki inabanduka ukiigusa. Nikamuuliza imetoka wapi.

"Ni ya kazi ya marehemu. Kule kilimani."

Mumewe alikuwa fundi wa posta na simu enzi za Zaire, kwenye kituo kimoja cha kupokezana mawimbi ya simu upande wa barabara ya Likasi. Nikauliza kituo kilifungwa mwaka gani.

"Hakuna mutu alifunga, mwanangu. Balishuka tu."

Nilipiga picha. Nilitaka kuiweka hapa na maneno machache chini yake: sahani ya kituo fulani, kilichofanya kazi mpaka mwaka fulani. Wiki zimepita na picha haijapata maneno yake, kwa sababu ya huo mwaka.

Kazi ya kule juu

Simu za mbali zilipokuwa zikisafiri kwa mikrowevu, kila kitu kilitegemea kuonana. Mawimbi yale hayajui kuufuata mgongo wa dunia; yanakwenda yamenyooka, na dunia ikipinda yenyewe yanapotelea angani. Mnara wa mita 50 kwenye nchi tambarare una upeo wa kilomita 29 hivi. Weka mwingine wa kimo hicho upande wa pili, zinakuwa 58. Lakini hapo hujahesabu miti ya miombo, wala vichuguu vyetu vya Katanga ambavyo vingine vinapita paa la nyumba na vimeota miti juu yake. Tena mwali wa redio hunenepa katikati ya safari, unataka hewa tupu pande zote. Ndiyo maana wahandisi duniani kote waliishia kwenye kilomita 40 au 50 kati ya kituo na kituo, na ndiyo maana walipenda vilima.

Kituo cha katikati hakina anayeongea. Sahani moja inatazama mjini, ya pili inatazama mbele. Sauti inaingia ikiwa imechoka, inaongezewa nguvu, inatoka kwa masafa mengine, maana ikitoka kwa yale yale iliyoingia nayo kituo kitaanza kujisikiliza chenyewe. Na nguvu hiyo si kubwa. Mtandao wa AT&T uliounganisha New York na San Francisco mnamo Agosti 1951, minara 107 kwa mfuatano, kila redio yake ilituma kwa nusu wati tu. Balbu ya tochi inakula zaidi.

Ukisikia hivyo unajiuliza fundi wa kilimani alikuwa akifanya nini siku nzima. Mashine zile zilijiendesha. Yeye kazi yake ilikuwa mazutu (dizeli), betri, nyasi na wezi.

Umeme wa SNEL, shirika la taifa, haukufika kule, kwa hiyo palikuwa na grupu mbili za kuzalisha umeme, moja ikilala nyingine inaamka, na betri katikati zikibeba mzigo wakati wa kubadilishana. Wiki mbili juu, wiki mbili nyumbani. Mama anasema angeweza kumtambua mumewe gizani, mazutu ilikuwa imeingia kwenye ukosi wa shati na haikutoka hata kwa maji ya moto. Msimu wa mvua alishuka na uyoga. Wakati mwingine asali. Watoto walidhani kazi ya baba yao ni kuokota vitu porini.

Daftari

Nilipokwenda tena kumtembelea, akanitolea daftari la zamu. Jalada gumu, kona zimeliwa na mende, kurasa zimechorwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: saa, volti za betri, mazutu, maelezo. Mwandiko ni mmoja kwa kurasa kadhaa, kisha mwingine, kisha ule wa kwanza unarudi. Ndizo zile wiki mbili mbili.

Kurasa za mbele hazina habari. Volti 54. RAS, yaani hakuna la kuripoti. Volti 54. RAS. Seli 24 za volti mbili zilizopangwa mfululizo, zikishiba na kushikiliwa na chaja, husoma 54. Hiyo ndiyo afya ya kituo cha simu, na mpaka leo nenda kwenye chumba chochote cha mitambo utaikuta namba hiyo au jirani yake.

Kurasa za nyuma ndizo zilizoninyima usingizi.

Kwanza kwenye safu ya maelezo panatokea kitu kipya: grupu saa kumi na mbili. Maana yake grupu ilikuwa haiwaki tena mchana na usiku. Kisha saa nane. Kisha saa nne. Volti za asubuhi zinashuka pole pole, 51, 50, 48. Seli za aina ile hazitakiwi kushuka chini ya volti 1.8 kila moja, yaani 43 na ushee kwa zote. Ukizidi hapo unaziua. Anayeandika alilijua hilo, kwa sababu kuna mahali alichora mstari chini ya 45, mistari miwili. Baadaye kidogo ile RAS inatoweka. Hakuandika kwamba kuna tatizo. Aliacha tu kuandika kwamba hakuna.

Nilitegemea ukurasa wa mwisho uwe na neno la kuaga. Una maagizo: mkanda wa feni mmoja, sabuni.

Tarehe zote zipo, siku na mwezi. Mwaka haupo popote. Nani anaandika mwaka kwenye daftari la zamu? Aliyekuwa kule juu alijua ni mwaka gani.

Hesabu ya mnyororo

Kuna hesabu moja ambayo nadhani inaeleza mengi kuliko hotuba za utawala mbaya, ingawa utawala mbaya nao ulikuwepo.

Chukua mnyororo wa vituo 30. Kutoka hapa Lubumbashi mpaka Kinshasa kwa mstari wa ndege ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa hiyo ukiruka 50 kwa 50 ndio idadi yake. Kila kituo kiwe kizuri, kiwe hewani asilimia 99 ya wakati. Ni mafundi wachache watakaolalamikia asilimia 99. Sasa zidisha 0.99 mara thelathini. Unabaki na 0.74. Robo nzima ya wakati mstari umekatika, na hakuna fundi hata mmoja aliyelala kazini.

Ili mstari mzima ufike asilimia 97, kila kilima lazima kisimame asilimia 99.9. Hiyo ni chini ya saa tisa za kuzimika kwa mwaka mzima. Gari la mazutu likwame mara moja kwenye matope ya Februari, mwaka umekwisha.

Wakati wa Mobutu serikali ilipotaka mji mkuu usikike mikoani, ilikodi nafasi kwenye setilaiti za Intelsat na kujenga vituo vya ardhini mikoani. Watu hucheka leo kwamba nchi maskini ilikwenda kununua anga. Mimi naona waliifanya hesabu ile. Setilaiti iko kilomita karibu 36,000 juu, lakini ni kilima kimoja, na hakihitaji mtu wa kukipelekea mazutu.

Ndoto ya vilima kwa bara zima ilikuwa PANAFTEL. Ilianza kupangwa miaka ya 1960 na kujengwa hasa miaka ya 1970 na 1980, sehemu kubwa kwa mikrowevu, ili simu ya nchi moja ya Afrika kwenda kwa jirani yake isilazimike kupitia Paris au London. Sehemu nyingi zilijengwa kweli, minara ikasimama. Ugonjwa wake ukawa matengenezo. Wafadhili hukata utepe; mkanda wa feni hauna utepe.

Mji ulio mbali

Lubumbashi imekuwa mbali na wakubwa wake tangu izaliwe mwaka 1910, na kila mkubwa alianza kwa kutafuta namna ya kuisikia. Kabla ya vita vya 1914 Robert Goldschmidt, kwa idhini ya Mfalme Albert, alikuwa ameshasimamisha vituo vya simu ya upepo kuanzia Banana baharini mpaka huku kwetu, wakati huo Élisabethville. Kule Laeken, Brussels, pakajengwa kituo kikubwa cha kuzungumza na Kongo. Wajerumani walipokaribia, Agosti 1914, Wabelgiji wakakilipua wenyewe. Angalau hicho kinajulikana mwezi kilipozimwa, na kwa nini.

Septemba 13, 1961, wakati Katanga ya Tshombe ilipokuwa ikijihesabu nchi, askari wa Umoja wa Mataifa walianza operesheni yao mjini alfajiri, na posta na redio vilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kupiganiwa. Wazee wa Kamalondo wanaokumbuka risasi za siku ile watakuonyesha zilikotoka. Anayeshika posta alikuwa ameshika mdomo na masikio ya mji.

Halafu ukaja ule waya wa umeme, Inga–Shaba, uliomalizika mwaka 1982: kilomita 1,700 za volti laki tano kutoka Inga mpaka Kolwezi, umepita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha vibatari. Haukujengwa kwa ajili yao, wala haukufichwa kwamba haukujengwa kwa ajili yao. Madini yapate umeme, na Kinshasa iwe na swichi ya Shaba, jina la Katanga wakati huo, mkononi.

Nayasema haya kwa sababu kuna namna ya kuililia minara ya zamani kana kwamba ilikuwa mali ya watu wote. Mama wa Katuba alikuwa na mume aliyepitisha mamia ya sauti juu ya kichwa chake kila siku, na nyumbani hawakuwa na simu. Akitaka kumjulisha kwamba mtoto ana homa alimtuma dereva wa gari la mazutu.

Walioshuka

Nilijizuia kuuliza sahani ilifikaje Katuba. Lakini ndilo swali nililokuwa nalo kichwani kila nilipoitazama picha, na nadhani alilisoma usoni.

Sote tunaijua miaka ile na sina haja ya kuisimulia. Uporaji wa 1991. Pesa iliyobebwa kwa mifuko. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mshahara uliotoka asubuhi, kama ulitoka, jioni haukununua kilo ya bunga, yaani unga. Kilimani mazutu ilikuwa ikipungua, na mazutu iliyobaki ilikuwa na thamani kuliko kila kitu ambacho mitambo ile ingeweza kuleta. Waliopanda zamu walianza kupanda na chakula chao. Kisha baadhi yao hawakupanda.

Mama anasimulia bila kupamba. Shaba ya nyaya ndiyo iliyotangulia, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuibeba. Betri zikafuata, kwa ajili ya risasi iliyomo. Grupu ilishushwa na watu waliokuja na lori na karatasi yenye mhuri. Nani aliipiga mhuri ile, hakuna aliyeuliza. Mabati ya paa. Siku moja mumewe alipanda na wanaume wawili na msumeno, akashuka na sahani kwenye kiguta, akaisimamisha ukutani nyumbani, na kwa muda mrefu hakumruhusu mtu kuigeuza kitu kingine.

"Alisema ataipeleka ofisini," mama alisema. "Ofisi yenyewe ilikuwa na wapangaji."

Nimewasikia watu wakiiita hiyo wizi, na kisheria sina la kuwajibu. Mtu aliyefanya kazi miezi bila mshahara, akalinda mitambo ya serikali kuliko serikali ilivyomlinda yeye, akachukua sahani moja ambayo wauza vyuma wa Ruashi wangeikata vipande kesho yake. Mimi naiita malimbikizo.

Kwingine hufungwa kwa karatasi

Ili nione kituo kinavyofungwa vizuri, ilibidi nitazame mbali. London walifungua mnara wao wa posta mwaka 1965 ukiwa umevikwa antena za mikrowevu kiunoni. Antena hizo zilishushwa mwaka 2011, na mwaka 2024 mnara ukauzwa kwa kampuni ya hoteli kwa pauni milioni 275. Marekani, AT&T ilikubali mwaka 1999 kuuza minara yake takriban 1,900 kwa American Tower. Kila mnara na namba yake, kila namba na karatasi yake.

Lakini kinachonichekesha ni Houtem, Ubelgiji, karibu na pwani. Pale palikuwa na mnara wa zaidi ya mita 240, wa kupokezana mawasiliano ya kijeshi ya Wamarekani. Teknolojia ikapitwa na wakati, jeshi likaondoka, serikali ya Ubelgiji ikaupiga mnada. Aliyeununua kwa euro milioni 5 hivi ni kampuni ya Jump Trading ya Chicago, ambayo kazi yake ni kununua na kuuza kwenye masoko ya fedha kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuifuata.

Kwa nini mfanyabiashara wa kompyuta atake mnara mkuukuu? Kwa sababu mwanga ndani ya kioo cha faiba hutembea kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na wimbi la redio hewani hukaribia 300,000. Kati ya Chicago na masoko ya upande wa New York, faiba iliyochimbwa mwaka 2010 makusudi ili iwe fupi kuliko zote ilichukua milisekunde 13 na kitu kwenda na kurudi. Mikrowevu, mnara kwa mnara, kama enzi za 1951, ikashuka chini ya 9. Tajiri anayewahi kwa milisekunde nne anakula kabla ya mwenzake hajanawa.

Kwa hiyo ile hadithi kwamba mikrowevu ilikufa kwa sababu ilizeeka, siinunui. Kilichozeeka kinaweza kununuliwa kwa euro milioni tano.

Tuliruka?

Kwenye kila mkutano kuhusu mawasiliano ya Afrika kuna mtu atakayesimama na kusema tuliruka hatua: hatukupitia nyaya, tulitoka kwenye ngoma tukatua kwenye simu ya mkononi. Watu hupiga makofi. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga.

Ila miaka haikubali. Telecel ilianza Kinshasa mwaka 1986, kabla ya nchi nyingi za Afrika kufikiria jambo hilo. Simu zake zilikuwa za mawaziri na wafanyabiashara wakubwa, nzito kama tofali, na bei ya dakika moja ilikuwa ya kumtisha mwalimu. Simu iliyofika mkononi mwa muuza kapenta wa soko la mtaa wetu wa Kenya, hapa mjini, ilikuja miaka ya 2000. Katikati hapo kuna shimo. Vilima vimezimika, simu ya mkononi haijafika, na ndani ya shimo hilo familia zetu ziliishi.

Waliishi kwa foni. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka: kibanda, betri ya gari, waya uliotandazwa kati ya miembe miwili, foleni ya watu kwenye benchi. Redio zile za masafa mafupi hazihitaji kilima cha katikati. Wimbi linarushwa juu, linagonga tabaka la anga, linaangukia Mbuji-Mayi. Mchana huu linafika, jioni linapotea, na opereta anakwambia rudi kesho kana kwamba ni kosa lako. Unamweleza mumeo aliyeko kwenye almasi kwamba mama yake amefariki, na benchi zima linasikia. Wengine walikuwa wakitoa pole kabla mume hajajibu.

Hatukuruka. Tulianguka ndani, tukatambaa, tukatokea ng'ambo tukiwa na simu mkononi, na waliotuona tunatokea wakaandika kwamba tumeruka.

Kitinda mimba

Mtoto wa mwisho wa mama yule ni fundi wa minara. Anapanda kwa mkandarasi wa mkandarasi, na ananiita yaya ingawa tofauti yetu si kubwa hivyo. Nilimkuta Jumapili moja akioga vumbi la barabara ya Kasumbalesa.

Nikamwambia naandika kuhusu mitambo iliyokufa ya baba yake. Akacheka. "Yaya, iko wapi iliyokufa? Mimi ninafunga hiyo hiyo kila wiki."

Akaniambia nitazame mnara wowote wa simu nikiwa njiani kurudi. Zile antena ndefu nyembamba zinaongea na simu zetu. Zile za duara, nyeupe, zilizofunikwa, ni FH, viungo vya mikrowevu: mnara unaongea na mnara mwingine, kilima kwa kilima, mpaka pale penye faiba. Hata grupu iko pale pale chini, na mlinzi yuko, na mazutu bado inaibiwa. Tofauti aliyoiona yeye ni moja. Mstari wa baba yake ulipita mahali ulipopita kwa sababu Kinshasa ilitaka kuisikia miji ya madini. Wa kwake unapita penye wateja, na wateja wakihama unahama.

Nilimwomba anieleze wanavyoelekeza sahani, na hapo uso wake ukabadilika, akawa kama mtu anayeeleza mke wake anavyopika. Sahani ya mita 1.8 kwenye gigahezi saba ina mwali usiofika digrii mbili. Mwenzako yuko kilomita 40, humwoni, mnaongea kwa simu kama mtandao upo. Unachomeka mita ndogo kwenye kitundu cha redio, volti zikipanda ujue unamkaribia. Nati moja ya kulia-kushoto, nyingine ya juu-chini. Robo mzunguko, subiri. Robo tena. Mtego ni kwamba kila mwali mkubwa una vimwali vidogo pembeni. Fundi mvivu akikikuta kimwali, volti zinapanda, zinashuka, anasema nimefika, anakaza, anashuka. Jua likiwaka kiungo kinashika. Mvua kubwa ya kwanza, mji mzima hauna mtandao na bosi anauliza nani alikuwa juu. Fundi wa kweli akiipata nguvu anaipita makusudi, anaizunguka pande zote, ahakikishe hakuna nyingine kubwa zaidi.

"Papa alinifundisha hiyo kwa kifuniko cha sufuria," alisema. "Hapa hapa uani."

Nikamuuliza: faiba ikifika, mnazima FH mnashusha. Ya mwisho uliyoizima ilikuwa lini?

"Mwaka jana." Akafikiri. "Hapana, kabla." Akafungua simu kutafuta kundi la WhatsApp walilokuwa wakitumia kupeleka picha, kabla na baada, ili walipwe. Kundi halikuwepo. Mkandarasi alipoteza tenda, aliyelifungua akaondoa watu wote, na picha zilibaki kwenye simu ya zamani aliyoiuza. Hakuonekana kujali. Alilipwa, nusu.

Mama alikuwa akitusikiliza kutoka mlangoni huku akichambua sombe. Akasema kama mwaka ndio ninaoutafuta angeniambia zamani, mbona nilikuwa nauliza kituo kilifungwa lini badala ya kumuuliza yeye mumewe alirudi lini. Alirudi na godoro lake kichwani, hakupanda tena, na yeye alikuwa na mimba ya huyu, miezi saba.

Nikamgeukia kijana. Akatoa kadi yake ya mpiga kura: amezaliwa 1995.

"Uongo," mama alisema. Walioandikisha waliandika walivyotaka, foleni ilikuwa ndefu na kijana hakuwa na cheti. Yeye anakumbuka mimba ile ilikuwa mwaka wa njaa ya bunga, na njaa ya bunga ilikuwa mwaka mmoja kabla, au miwili. Kijana akajibu kwamba kazini, benki na kanisani anajulikana kwa 1995, na hawezi kuongeza umri sasa hivi kwa ajili ya mnara.